Koo Langu na Wito wa Bibi Devane

Jumamosi, 5 Novemba 1994

Gobnait Devane anakuja! Hapa hapa kwetu. Baa ya Mulqueen, chumba cha nyuma, Jumapili ya tarehe 13, saa tisa alasiri. Nimeambiwa na Lorcan Tuohy, mwenyekiti wa klabu yetu ya waimbaji, nilipompelekea barua zake asubuhi. Alilisema kwa sauti ya kawaida, huku akitafuta miwani yake. Mimi nilishika nguzo ya mlango.

Nilikuwa na miaka kumi na minne nilipomsikia redioni, jikoni kwa mama. Viazi vikaungua. Nikapigwa kofi, wala sikulisikia. Tangu siku hiyo sijampenda mwimbaji mwingine, wala mwanamke mwingine, ingawa hili la pili dada yangu Dympna huwa na maelezo yake. Miaka thelathini na mitatu nimengoja. Bibi Devane hapandi majukwaa makubwa. Huimba jikoni kwa watu na katika klabu ndogo kama yetu, na yetu hakuwahi kukanyaga. Sasa ana miaka sabini na minane.

Lakini kumsikia tu hakunitoshi. Nataka aniite. Kwetu anayemaliza kuimba ndiye anayemtaja wa kumfuata. Huo ni wito wake, na hakuna mwenyekiti wala padri wa kuutangua. Bibi Devane akimaliza atataja jina moja, na nataka jina hilo liwe Colman Garvey. Baada ya hapo nife hata Jumatatu. Ila Jumatatu huwa na vifurushi vingi.

Kikwazo ni Tadhg Brehony. Anatengeneza majeneza na ndiye anayezika mji mzima. Ana sauti ya msiba ya kuzaliwa nayo. Akiagiza chai watu wanavua kofia. Leo nilipompita alikuwa anapiga msumari na kuimba kwa chini. Amekwishasikia habari, mnafiki yule.

Jumapili, 6 Novemba

Nimewaza Misa nzima. Tatizo langu si sauti. Tatizo langu ni mwaka 1991.

Mwaka huo niliitwa kuimba, nikasimama papo hapo. Sikukataa hata mara moja. Chumba kizima kikashtuka. Hapa kwetu mtu akiitwa ni lazima akatae kwanza: ana mafua, amesahau maneno, wapo wanaojua zaidi yake. Anabembelezwa, anakataa tena. Anabembelezwa, anakataa ya tatu. Ndipo anainuka akiguna, na watu wanaridhika kwamba ni mtu mwenye adabu. Mimi nilisema, “Haya,” nikaanza. Tangu siku ile naitwa Colman Tayari. Hata kwenye kadi ya Krismasi.

Kwa hiyo safari hii nitakataa kuliko mtu yeyote aliyewahi kukataa. Lakini kisingizio cha mafua kila mtu anacho, na hakuna anayekiamini. Kinachotakiwa ni kisingizio chenye mizizi. Kiandaliwe wiki nzima. Mji mzima ukijue kabla hata sijafungua mdomo.

Koo! Nitaumwa koo kuanzia kesho. Jumapili nitaitwa, nitakataa, watanibembeleza, nitakataa, watanibembeleza mpaka walie. Kisha nitainuka kwa taabu, mkono shingoni, niimbe “Mjane wa Kilcurry” kwa sauti safi kama maji ya kisima. Beti kumi na tisa. Mume anakufa ubeti wa tatu, zilizobaki ni kilio. Watu watazimia.

Nimemweleza Dympna. Ameendelea kumenya karoti.

Jumatatu, 7 Novemba

Hakuna kazi nzuri kwa uvumi kama utarishi wa posta. Nyumba arobaini na moja kwa baiskeli. Kila mlango nilitoa barua, nikagusa shingo, nikanong'ona kwamba ni koo tu, wasijali, na wasimwambie mtu. Kufika daraja la pili habari zilikuwa zimenitangulia. Mwenye nyumba aliniuliza mimi kama nimesikia kuhusu mimi.

Sikutarajia dawa. Mama Kilbane alinipaka mafuta ya bata bukini, nje, mbele ya mbwa wake. Nyumba ya pili, mwani uliochemshwa na maziwa. Nyumba ya tatu, wiski ya moto na karafuu. Ya nne vilevile. Ya tano vilevile, na hapo nikaanza kuona kwamba mpango huu una baraka. Ya sita wakanifunga shingoni soksi ya sufu yenye chumvi ya moto. Baada ya ya tisa niliingia mtaroni pamoja na baiskeli na barua za watu wa mtaa wa juu. Zimekauka karibu zote.

Brehony ndiye aliyenitoa. Alinivuta kwa upole, akanipangusa, akauliza hali yangu. Nikanong'ona. Akatikisa kichwa kwa huzuni, kisha akanitazama kuanzia utosini hadi viatuni. Nalijua lile jicho. Alikuwa ananipima urefu.

Jumanne, 8 Novemba

Ugumu ambao sikuufikiria: siwezi kufanya mazoezi. Banda letu liko karibu mno na barabara. Nikiimba nimejiumbua, nisipoimba sauti itaota kutu. Dympna anasema hii ndiyo wiki ya kwanza ya raha tangu mama afariki, na ameomba koo liendelee mpaka Pasaka.

Nikaamua kwenda kinamasini, kule tunakochimba mboji ya kuchoma. Maili mbili, hakuna mtu. Nikasimama katikati, nikafumba macho, nikamwachilia Mjane. Nilikuwa mzuri! Nasema bila majivuno. Ubeti wa kumi na moja, pale anapomwita marehemu mara tatu, niliutoa kutoka tumboni kabisa.

Nikasikia watu. Lorcan Tuohy na Brehony wakija mbio wamebeba kamba. Mtu alikuwa amewapelekea habari kwamba kuna ng'ombe anazama. Nikajitupa kwenye shimo la mboji. Maji yalifika kifuani. Walizunguka nusu saa wakiita, “Njoo mama, njoo.” Mwisho Lorcan akasema hana shaka amekwisha kufa, maana mlio ule wa mwisho ulikuwa wa mnyama asiye na matumaini. Brehony akavua kofia.

Jumatano, 9 Novemba

Nimeamka nikidhani nimepata koo la kweli. Hapana. Liko zima kabisa. Nimejaribu noti ya juu chini ya mablanketi, haijawahi kutoka nzuri hivi. Pengine ni mafuta ya bata.

Sasa suala la pili. Bibi Devane ataniitaje na hanijui? Ni lazima jina langu limfikie kabla yeye mwenyewe hajafika. Nimemwandikia barua. Si mimi: Wapenda Nyimbo wa Mji Huu. Wapenda Nyimbo wanamkaribisha kwa heshima na taadhima, na wanamdokeza kwamba katika chumba kile atakuwepo tarishi mmoja, Colman Garvey, mwimbaji bora kuliko wote wa wilaya, ila mpole kupita kiasi, mtu asiyejua kujisifu, na akiachwa hivi hivi atakaa kimya hadi kaburini. Wakaongeza kwamba ana macho ya kupendeza. Hilo la macho nimelifuta. Kisha nimelirudisha.

Nimeandika kwa mkono wa kushoto. Saa tatu nzima. Nimeitia kwenye mfuko wa posta mwenyewe, na Ijumaa itakuwa mezani kwake.

Alhamisi, 10 Novemba

Brehony amekuja nyumbani! Ameleta jeli ya zabibu nyeusi aliyopika mke wake, kwa ajili ya koo. Akaketi. Akazungukazunguka, akasifu moto, akasifu paka. Mwisho akasema ameona haya kuomba, lakini kwa kuwa masikini mimi Jumapili sitaimba, je, endapo kwa bahati mbaya angeitwa yeye, ningemruhusu aimbe “Mjane wa Kilcurry”?

Kwetu hakuna anayeimba wimbo wa mwenzake mbele yake bila ruhusa. Mjane ni wangu. Niliupata kwa mjomba, na mjomba aliupata kwa mwanamke wa Kilcurry aliyekuwa mjane kweli. Damu ilinichemka. Nikafungua mdomo nimwambie hapana kwa sauti ambayo ingetikisa vikombe.

Nikafunga. Nikanong'ona, “Bila shaka, Tadhg.” Ningefanyaje? Haidhuru. Mimi nitaitwa kwanza, na mimi nitauimba kwanza. Yeye atabaki mikono mitupu, na kwenye uso ule huzuni haitaonekana tofauti na ya siku zote. Akanishukuru sana. Alikuwa na machozi machoni, ila kwake huo ni utaratibu wa kazi.

Jeli ni tamu mno. Inaniudhi.

Jumamosi, 12 Novemba

Jana sikuandika. Jana nilikunywa dawa za nyumba kumi na nne.

Leo nimepiga pasi suti. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo bila sauti, mdomo tu. Nimefanya pia mazoezi ya kukataa. Kukataa kwa kwanza: mkono shingoni, tabasamu la huzuni. Kwa pili: kutazama sakafu. Kwa tatu: kupunga mkono, kama mtu anayeaga meli. Nimeyarudia mara thelathini.

Dympna alikuwa amesimama mlangoni muda wote bila mimi kujua. Akaingia, akaketi kitandani, jambo ambalo hafanyi. Akasema, “Colman, nisikilize ndugu yangu. Yule mama akikuita, sema ndiyo. Basi. Mengine yote achana nayo.”

Nikamweleza kwamba sema-ndiyo ndiyo iliyoniharibia jina. Akasema jina langu lilikuwa limeharibika kabla ya hapo, na kwamba watu wamesahau zamani, ila mimi ndiye ninayewakumbusha. Akasema alikuwepo jikoni siku ile ya viazi, na anajua jambo hili lina maana gani kwangu, na asingependa kuniona nikilia barabarani kwenye suti. Nikamshukuru. Wanawake hawaelewi mambo ya mikakati.

Jumapili, 13 Novemba

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Asubuhi, Misa. Mwisho wa Misa Padri Hanley akatangaza kwamba mgawa barua wetu mpendwa amepatwa na maradhi mazito ya koo. Akasema baraka ya makoo ni ya Februari, lakini Mtakatifu Blasi, mlinzi wa makoo, hatakasirika. Akaniita mbele. Akaniwekea mishumaa miwili mirefu chini ya kidevu, imepishana, akaniombea. Watu mia mbili wamepiga magoti. Mama Kilbane alikuwa analia. Nilitazama sanamu ya Mtakatifu Yosefu. Naye alinitazama.

Saa tisa, Mulqueen. Chumba kimejaa hadi dirishani. Nilikuwa nimefika saa sita ili nipate kiti kando ya jiko la mboji, karibu na kiti cha mgeni. Brehony alikuwa amefika saa tano.

Bibi Devane akaingia. Mdogo! Nilidhani atakuwa mrefu kama sauti yake. Sweta la kijivu, mkoba, viatu vya mvua. Akaomba chai. Lorcan akamwomba aimbe. Akasema amezeeka, tumepoteza petroli yetu bure kumfuata. Akaombwa tena. Akasema sauti imebaki ya kuitia kuku. Ya tatu akacheka, akaweka kikombe chini, akanyoosha mkono pembeni bila kuangalia, kama wanavyofanya wazee, apate wa kumshika anapoimba. Aliyeketi pembeni alikuwa Brehony. Akaushika, akawa anauzungusha polepole, kama mtu anayechota maji kisimani. Nilimchukia kwa muda wa ubeti mmoja.

Kisha nikamsahau. Nikausahau mji. Sauti imepungua, ndiyo, imekwaruza chini, lakini ni ile ile iliyoingia jikoni kwa mama. Hakuipamba. Wimbo ulikuwa wa mtoto aliyepotea mlimani, naye aliieleza habari hiyo kama aliyetoka kuambiwa mlangoni, na alipofika mahali pa jina la mtoto, chumba kizima kiliacha kupumua. Nililia. Sitaandika zaidi kuhusu hilo.

Akamaliza. Watu wote, taratibu, wakasema vizuri, Mungu akupe umri. Lorcan akamwambia wito ni wake.

Akafungua mkoba, akatoa miwani, akatazama chumba. “Nasikia kuna tarishi hapa,” akasema. “Colman Garvey. Wito wangu ni kwake.”

Alinitaja! Jina langu, katika mdomo ule! Moyo ulinipiga mpaka tai ikasogea.

Nikafanya kama nilivyojifunza. Mkono shingoni. Tabasamu la huzuni. Nikanong'ona, “Niwie radhi Bibi, ni koo.” Kukataa kuzuri kuliko kote kulikowahi kufanyika katika chumba kile. Nikangoja kubembelezwa.

Hakuna aliyenibembeleza.

Nikasikia viti vinasogea. Mama Kilbane akasimama akasema, “Mwacheni jamani, hana hali. Mimi mwenyewe nimempaka mafuta.” Mtu mwingine akasema sijatoa sauti tangu Jumatatu. Mwingine akasema nilizimia mtaroni. Lorcan akasema padri amenibariki kwa mishumaa mwezi wa kumi na moja, ni jambo ambalo halijatokea katika parokia hii. Nyumba arobaini na moja zilinitetea kwa zamu. Sijawahi kupendwa hivyo, na sijawahi kuumia hivyo.

Bibi Devane akaniinamia. Akaniuliza taratibu, “Ni kweli ni koo, mwanangu? Hata ubeti mmoja?”

Mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu. Nilimwona Dympna ukutani, ananiangalia, midomo yake ikitamka neno lenyewe. Lakini nilikuwa nimekataa mara moja tu! Mara moja si adabu. Ya pili, macho sakafuni. Hivyo ndivyo nilivyojifunza, na hivyo ndivyo mwili ulivyofanya bila kuniuliza. Nikatazama sakafu. Nikatikisa kichwa.

Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto kwa kikombe cha chai. Akasema, “Basi usiimbe. Mimi niliimba na koo bovu mwaka hamsini na tatu, nikakaa miaka miwili bila sauti. Sitambembeleza mtu mgonjwa.” Chumba chote kikasema amenena vema.

Ya tatu haikuja. Na kwetu, ukikataa mara mbili na ya tatu isije, umekataa.

Ningeweza kusimama niseme koo ni zima. Mbele ya mafuta ya bata, mbele ya jeli, mbele ya mishumaa. Nilifungua mdomo kabisa. Ukatoka mnong'ono. Wiki nzima nimeufundisha, sasa haujui kufanya kingine.

Lorcan akanikumbusha kwamba wito umebaki kwangu, nimtaje mtu. Macho yote kwangu. Brehony alikuwa mbele yangu, kofia mapajani. Nikanong'ona jina lake. Sijui kwa nini. Pengine kwa sababu ya jeli.

Alikataa mara tatu. Vizuri mno, ilikuwa raha kumtazama. Kisha akaimba “Mjane wa Kilcurry,” beti zote kumi na tisa, na Bibi Devane alimshika mkono tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Ubeti wa kumi na moja aliutoa kwa chini sana, karibu na kimya. Mimi huupiga kelele. Nimegundua leo kwamba hautakiwi kupigwa kelele. Hilo liliniuma kuliko yote.

Mlangoni, akivaa koti, Bibi Devane aliniita kando. Akasema alipata barua nzuri kutoka kwa watu wa hapa, wakinisifu sana. Aliuliza kama namjua aliyeiandika. Nikanong'ona hapana.

“Yeyote aliyeandika,” akasema, “anakupenda sana.”

Akaingia kwenye gari. Dympna alinishika kiwiko, tukarudi nyumbani tukipitia njia ya nyuma, ili nisionekane barabarani kwenye suti.

Jumatatu, 14 Novemba

Vifurushi vingi. Kila mlango wamenisifu. Wanasema nilifanya busara kubwa, mtu mwingine angekubali. Mama Kilbane ameniambia hakuna atakayeniita tena Colman Tayari. Sasa naitwa Koo.

Na Lorcan ana habari: Bibi Devane amependa klabu yetu. Anarudi mwezi wa Mei!

Nimetafakari kilichoniangusha, kwa makini, bila kujihurumia. Kosa liko wazi. Kosa ni koo. Nilichagua kiungo kisichofaa. Koo na kuimba vinahusiana mno. Mtu yeyote angenikataza. Ningechagua kiungo cha mbali, watu wangekosa sababu ya kunitetea, wangenibembeleza mara tatu kama wanadamu wengine. Mguu! Nitakataa kwa sababu siwezi kusimama. Watasema niimbe nimekaa. Nitakataa. Watasema waniletee mto. Nitakataa. Ya tatu, naimba. Hakuna padri anayebariki mguu.

Miezi sita inatosha kabisa kwa mguu kuota mizizi. Naanza kuchechemea kesho asubuhi, nyumba ya kwanza.

Nimefanya mazoezi jikoni, kutoka dirishani mpaka mlangoni na kurudi, mara ishirini. Dympna ameweka kisu chini akaniangalia muda mrefu. Mwisho akauliza ni mguu upi.

Bado sijaamua.